Jinsi ya kusoma vitabu vinavyotetea ukweli wa kihistoria wa Biblia: mwongozo kamili kwa vikundi vya Kiswahili nchini Uganda

Kijana aliyelelewa katika kanisa la Kiswahili pale Katwe au Nsambya anaingia chuo kikuu, na kabla muhula wa kwanza haujaisha ameshaulizwa: unajuaje kwamba Injili hazikutungwa tu? Anarudi kwa mchungaji wake na swali hilo. Mchungaji anamwombea, anamwambia ashike imani, na pengine anampa kitabu cha Kiingereza alichoachiwa na mgeni. Kijana anakisoma mbiombio, anakariri mambo matatu ya kumnyamazisha mwenzake, na wiki inayofuata mwenzake anamwonyesha kwamba moja kati ya hayo matatu si kweli. Hapo ndipo wengi huvunjika moyo, na kosa halikuwa la Biblia.

Mwongozo huu ni kwa viongozi wa vijana, wanafunzi, na vikundi vya kusoma vinavyotumia Kiswahili, iwe Kampala, Arua, Kasese au kwenye makambi ya Nakivale na Kyangwali ambako ndugu zetu kutoka Kongo wamejenga makanisa yao. Ninaamini Biblia ni Neno la Mungu na ninaamini vitabu vya utetezi vinasaidia sana. Ila namna tunavyovisoma ndiyo inayotuponza. Kila dai lililomo katika vitabu hivi lina kitu nyuma yake: jiwe, hati, barua, maneno ya mwandishi wa kale. Kazi ya msomaji ni kulifuata dai hadi kwenye kitu hicho, halafu kuuliza kitu hicho kinathibitisha hadi wapi.

Hatua ya kwanza: tenganisha maswali

Watu wakisema "Biblia si ya kuaminika" huwa wanachanganya mambo manne. La kwanza, je, maneno tunayosoma leo ndiyo yaliyoandikwa mwanzoni, au yalibadilika katika kunakiliwa? La pili, je, walioandika walikuwa karibu na matukio? La tatu, je, wanachosema kinaoana na kinachojulikana kutoka nje ya Biblia? La nne, je, maandiko haya yametoka kwa Mungu?

Ushahidi wa nakala unajibu la kwanza tu. Unaweza kuwa na nakala safi kabisa ya habari ya uongo. Uchimbaji wa mambo ya kale unasaidia la tatu. Na hakuna jiwe litakalochimbwa Israeli likajibu la nne peke yake. Hapo tunazungumzia imani, Roho Mtakatifu na ushuhuda wa kanisa, na historia inasafisha njia tu. Kabla kikundi hakijafungua kitabu chochote, andikeni maswali haya manne kwenye karatasi kubwa na muibandike ukutani. Mtairudia kila mkutano.

Hatua ya pili: chagua kitabu kinacholingana na msomaji

Kwa anayeanza, mimi humpa kitabu cha F. F. Bruce, "The New Testament Documents: Are They Reliable?", kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1943. Bruce alikuwa Mskoti ambaye baadaye alifundisha Manchester. Kitabu ni kifupi, Kiingereza chake kimenyooka, na hapigi kelele. Baadhi ya takwimu zake zimepitwa na wakati, lakini namna yake ya kufikiri haijapitwa. Kipya zaidi na kifupi vilevile ni "Can We Trust the Gospels?" cha Peter J. Williams, cha mwaka 2018. Kama pesa zinatosha kitabu kimoja tu, nunua hiki.

Kitabu cha Lee Strobel, "The Case for Christ" cha 1998, ndicho utakachokikuta kwa urahisi zaidi. Strobel alikuwa mwandishi wa habari wa gazeti la Chicago Tribune, na anaandika kwa mtindo wa mahojiano, kwa hiyo kinasomeka haraka na vijana wanakipenda. Udhaifu wake ni kwamba aliwahoji wataalamu wanaokubaliana naye, hakuwaketisha wapinzani wajieleze wenyewe. Kisome, ila usikifanye kuwa cha mwisho.

"Evidence That Demands a Verdict" cha Josh McDowell kilitoka 1972. Ni kinene, ni cha kutafutia jambo moja moja na si cha kusoma toka mwanzo hadi mwisho. Kuwa mwangalifu na toleo. Matoleo ya zamani yanazunguka sana kwenye vitabu vya mitumba, na yana takwimu ambazo hata wenyewe walizibadilisha katika toleo la 2017, ambalo McDowell aliliandika pamoja na mwanawe Sean.

Kwa wanaosoma theolojia, kuna Craig Blomberg juu ya Injili, "The Historical Reliability of the Gospels" cha 1987, na Richard Bauckham, "Jesus and the Eyewitnesses" cha 2006. Cha Bauckham ni kigumu lakini kina utajiri. Sura yake kuhusu majina peke yake inatosha mikutano miwili. Anaonyesha kwamba majina yaliyokuwa ya kawaida kwa Wayahudi wa Palestina wakati ule, kama Simoni na Yusufu, yanajulikana kutokana na makaburi na maandishi mengine, na uwiano wake unafanana na wa Injili. Wayahudi waliokuwa Misri walikuwa na mpangilio tofauti wa majina. Ndiyo maana katika Injili unakuta Simoni Petro, Simoni Zelote, Simoni wa Kirene: jina lilikuwa la kawaida mno, lazima kila mmoja apewe kitambulisho. Mtu anayetunga hadithi akiwa mbali, vizazi viwili baadaye, angepataje uwiano huo?

Hatua ya tatu: kukipata bila kuumia

Vingi ya vitabu hivi viko kwa Kiingereza. Anzia kwenye nyumba ya Chama cha Biblia, Bible House, Bombo Road pale Wandegeya, kwa ajili ya Biblia zenyewe na misaada ya kusomea. Aristoc pale Kampala Road huwa na rafu ya vitabu vya dini, na wauzaji wa mitumba wa katikati ya jiji ni wa kuwatembelea kwa subira. Maktaba ya Hamu Mukasa katika Uganda Christian University, Mukono, ni hazina kwa masomo haya, kwa kuwa chuo hicho kilikua kutoka chuo cha theolojia cha Bishop Tucker, kilichoanza 1913. Maktaba za vyuo zina taratibu zake kwa wageni, hivyo piga simu kabla ya kupanda teksi, na ubebe barua ya mchungaji.

Walio Nakivale wamtumie mtu anayekwenda Mbarara au Kampala. Kitabu kimoja cha kikundi kinatosha. Msikipeleke kwa mwenye mashine ya fotokopi akitoe chote. Kuiba kazi ya mtu anayetetea Maandiko ni jambo la aibu. Andikeni muhtasari wenu kwa Kiswahili, na muhtasari huo utawafaa hata wasiojua Kiingereza.

Hatua ya nne: daftari la safu nne

Nunua daftari la kawaida la mistari, ulilaze kwa upana, upige mistari ya kushuka upate safu nne. Safu ya kwanza: kitabu kinadai nini, kwa sentensi moja, pamoja na ukurasa. Ya pili: kitu chenyewe ni nini na kiko wapi. Ya tatu: kinathibitisha nini. Ya nne: hakithibitishi nini. Safu ya nne ndiyo watu huiacha tupu, na ndiyo inayowaokoa mbele ya mwalimu wa chuo. Dai ambalo safu yake ya pili haijazwi, yaani hujapata kujua kitu kinachotajwa ni kipi na kiko wapi, usilitumie hadharani hata kama limeandikwa na mtu maarufu.

Nitajaza mstari mmoja wote muone.

Hatua ya tano: fuata dai moja hadi mwisho

Fungua Matendo 18:12. "Hata Galio alipokuwa liwali wa Akaya," Wayahudi walimshtaki Paulo mbele yake Korintho. Vitabu vya utetezi vinasema Luka amethibitishwa hapa. Sawa, na kitu chenyewe ni nini?

Ni vipande vya jiwe vilivyopatikana Delphi, Ugiriki, na vya kwanza vilichapishwa 1905. Jiwe lilichongwa barua ya Kaisari Klaudio, na ndani yake anamtaja Galio kuwa liwali. Barua inataja pia kwamba Klaudio alikuwa ameshapigiwa saluti ya ushindi na jeshi mara 26. Kwa kuwa saluti ya 27 inajulikana kuwa ilikuwa imetokea ifikapo mwanzo wa Agosti mwaka 52, barua iliandikwa kabla ya hapo. Maliwali walikaa kwa kawaida mwaka mmoja, hivyo Galio alikuwa Korintho mnamo mwaka 51 hadi 52.

Sasa angalia cheo. Akaya haikuwa na liwali wa aina hiyo, aliye chini ya baraza la Roma, siku zote. Mwaka 15 Kaisari Tiberio aliichukua iwe chini yake mwenyewe, na Klaudio akairudisha kwa baraza la Roma mwaka 44. Luka anatumia cheo sahihi kwa mwaka sahihi. Mwandishi asiyejua mambo angeweza kukosea hapa bila hata kujua amekosea.

Safu ya tatu basi: jiwe linathibitisha kwamba Galio alikuwapo, kwa cheo hicho, mahali hapo, wakati unaolingana na safari ya Paulo. Zaidi ya hilo, linatupa msumari wa kutundikia tarehe nyingine zote za Paulo. Kama alikuwa Korintho mnamo 50 hadi 52, basi barua ya kwanza kwa Wathesalonike ni ya wakati huohuo, na ya kwanza kwa Wakorintho inakuja miaka michache baadaye, karibu 53 hadi 55. Safu ya nne: jiwe halisemi lolote juu ya kesi ya Paulo, wala halithibitishi kila hotuba iliyomo katika Matendo.

Fanyeni hivyohivyo kwa jiwe la Pilato lililopatikana Kaisaria mwaka 1961, kwa "wakubwa wa mji" wa Thesalonike katika Matendo 17:6 ambao cheo chao cha Kigiriki kimekutwa kwenye maandishi ya mawe ya mji huohuo, na kwa birika la Siloamu lililofukuliwa Yerusalemu kuanzia 2004. Mkikamilisha mistari mitano kwa uangalifu huu, mtakuwa mmejua zaidi ya mtu aliyekariri madai hamsini.

Hatua ya sita: nakala, na majaribu ya kutia chumvi

Hapa ndipo takwimu hurushwa ovyo. Nakala za Agano Jipya kwa Kigiriki zinazojulikana ni zaidi ya 5,000. Ni kweli, na hakuna maandishi mengine ya zamani zile yanayokaribia hapo. Lakini nyingi kati yake ni za karne ya 9 na kuendelea. Za karne za kwanza ni chache, na nyingi ni vipande. Ukisema "tuna nakala elfu tano" bila kusema hivyo, msikilizaji atafikiri zote ni za siku za mitume, na siku akijua ataona ulimdanganya. Vilevile ile takwimu ya nakala 643 za Iliadi ya Homer, utenzi wa kale wa Kigiriki unaolinganishwa na Agano Jipya, inayonukuliwa makanisani mpaka leo, ni ya zamani mno. Zinazojulikana sasa ni nyingi zaidi ya hizo.

Kipande maarufu kuliko vyote kiko Manchester, kinaitwa P52. Ni kadogo, kanaenea kwenye kiganja, na kana mistari ya Yohana 18, pale Pilato anapozungumza na Yesu. Kilichapishwa 1935. Vitabu vingi vinaandika kwamba ni cha mwaka 125. Tarehe hiyo imetokana na kulinganisha mwandiko, na mwandiko hauna siku ya kuzaliwa. Wataalamu wengine wanasema kinaweza kuwa cha mwishoni mwa karne ya 2 au hata baada yake. Sema "karne ya 2 huenda", na utakuwa umesema jambo kubwa vilevile.

Nakala kubwa za kwanza ni Codex Sinaiticus, ambayo sehemu yake kubwa iko London, na Codex Vaticanus iliyoko Roma. Zote ni za karne ya 4. Sinaiticus imewekwa kwenye intaneti bure, kila ukurasa. Kwa bando dogo la simu kikundi kinaweza kuutazama mwandiko wenyewe, pamoja na masahihisho ya waandishi pembeni. Fanyeni hivyo mkutano mmoja. Mtu akishaona kwa macho yake kwamba mnakili wa kale alikosea na mwenzake akamsahihisha, anaacha kuogopa neno "tofauti za nakala".

Kwa Agano la Kale, magombo ya Bahari ya Chamvi yaliyoanza kupatikana Qumran mwaka 1947 ndiyo ushahidi mkubwa. Gombo la Isaya lina sura zote 66, lina urefu wa zaidi ya mita 7, na ni la karne ya 2 kabla ya Kristo. Kabla ya hapo, nakala kamili ya Kiebrania ya Agano la Kale lote iliyotegemewa ilikuwa ya mwaka 1008. Pengo la zaidi ya miaka elfu moja, na Isaya ni yuleyule. Tofauti zake nyingi ni za tahajia na maneno madogo. Vitabu vya utetezi husimama hapo. Msisimame hapo. Qumran palipatikana pia vipande vya Yeremia vya Kiebrania vinavyofuata mpangilio mfupi, ule unaojulikana kutoka tafsiri ya kale ya Kigiriki, ambao ni mfupi kwa karibu sehemu moja ya nane. Maana yake kitabu cha Yeremia kilizunguka kwa matoleo mawili wakati ule. Ujumbe wa nabii ni mmoja katika yote mawili, lakini asiwepo mtu wa kusimama madhabahuni akasema magombo yalifanana neno kwa neno. Mwanafunzi wa theolojia aliye nyuma ya kanisa anajua.

Hatua ya saba: umbali wa wakati, kwa mizani ya Namugongo

Swali la "waliandika miaka mingi baadaye" Waganda wana mizani yake nyumbani. Kundi kubwa la Mashahidi wa Uganda liliuawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Papa Benedikto XV aliwatangaza wenye heri Wakatoliki kati yao mwaka 1920. Hiyo ni miaka 34. Walikuwapo vijana waliosamehewa siku ile, kama Denis Kamyuka, ambao waliishi na kutoa ushahidi wa yale waliyoyaona. Sasa weka Injili kwenye mizani hiyohiyo. Yesu alisulubiwa mnamo mwaka 30 au 33, na wataalamu wengi, hata wasioamini, wanaiweka Injili ya Marko karibu na mwaka 70. Ni umbali wa aina ileile. Barua za Paulo ziko karibu zaidi: 1 Wakorintho 15:3-7, anapotaja waliomwona Yesu mfufuka na kusema alipokea habari hiyo kutoka kwa wengine, iliandikwa yapata miaka 20 na kitu baada ya msalaba.

Namugongo inafundisha jambo jingine. Wakatoliki wana basilika mahali pamoja na Waanglikana wana kumbukumbu yao mahali pengine, si mbali. Mgeni akisikia simulizi mbili anaweza kudhani moja ni ya uongo. Kumbe Karoli Lwanga aliuawa peke yake mahali pa kando, na wenzake wakachomwa pamoja mbele zaidi. Kabla hujasema Mathayo na Luka wanapingana, uliza kwanza kama kila mmoja anasimulia sehemu yake.

Ila kuna mpaka, na uandikwe kwenye safu ya nne. Mtu kufa kwa ajili ya imani kunaonyesha aliamini kweli. Hakuonyeshi kwamba alichoamini ni kweli. Nguvu ya hoja ya mitume ni kwamba walidai kuona kwa macho. Na hata hapo tusiseme "mitume wote kumi na wawili waliuawa" kana kwamba tuna hati. Yakobo wa Zebedayo yumo katika Matendo 12:2. Yakobo ndugu yake Bwana anatajwa na Josephus, mwanahistoria Myahudi, katika kitabu chake cha mnamo mwaka 93. Petro na Paulo wana ushahidi wa mapema. Wengine ni mapokeo ya baadaye, na tuyaite hivyo.

Hatua ya nane: ya kutupa kabisa

Josephus ana kifungu kingine kirefu kinachomtaja Yesu kuwa ndiye Kristo. Wataalamu wengi wanakubali kwamba wanakili Wakristo walikiongezea maneno. Kitabu kinachokinukuu chote bila kusema hivyo kinakudhuru.

Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba kimepatikana kipande cha Marko cha karne ya 1. Kilipochapishwa 2018 kilikutwa ni cha mwishoni mwa karne ya 2 au mwanzoni mwa ya 3. Bado ni cha thamani, lakini vitabu na mahubiri yaliyoandikwa katikati ya miaka hiyo yana dai la uongo hadi leo. Na mwaka 2020 jumba la makumbusho la Museum of the Bible, Washington, lilitangaza kwamba vipande vyake vyote 16 vilivyodhaniwa kuwa vya magombo ya Bahari ya Chamvi ni vya kughushi. Waliagiza uchunguzi huo wenyewe na wakasema hadharani. Huo ni mwenendo wa Kikristo.

Picha za magurudumu ya magari ya Farao chini ya Bahari ya Shamu, na safina ya Nuhu juu ya mlima, zinazosambazwa WhatsApp kila baada ya miezi: hakuna lililowahi kuwekwa mbele ya wataalamu likathibitishwa. Mzee wa kanisa akizituma, mpigie simu kwa heshima, faraghani. "Shikamoo mzee, ile picha nimeifuatilia, haina msingi, naomba tusiitumie kwa vijana." Asiaibishwe kwenye kundi.

Hatua ya tisa: magumu yasomwe mapema

Viongozi wengi huficha magumu wakidhani wanawalinda vijana. Kijana atakutana nayo tu, na akiyakutia kwa mpinzani yatamwangusha. Yapangieni mkutano wake.

Luka 2:2 inasema orodha iliandikwa Kirenio alipokuwa liwali wa Shamu. Kwa Josephus, sensa ya Kirenio ilikuwa mwaka 6 baada ya Kristo, na Herode alikuwa amekufa mwaka 4 kabla ya Kristo. Zipo njia za kulijibu: pengine Kirenio alikuwa na kazi nyingine huko mapema, pengine sentensi ya Luka isomwe kwamba ilikuwa kabla ya Kirenio. Hakuna iliyokubaliwa na wote. Semeni hivyo. Yeriko nako, Kathleen Kenyon alichimba 1952 hadi 1958 akahitimisha kwamba mji wenye kuta uliangamia karibu 1550 kabla ya Kristo, mapema mno kwa Yoshua. Wapo watetezi waliopinga tarehe yake, na mjadala haujawaendea vizuri sana.

Halafu Marko 16:9-20, Yohana 7:53 hadi 8:11, na maneno ya mashahidi watatu wa mbinguni katika 1 Yohana 5:7. Hayamo katika nakala za kale zilizo bora. Yatazameni katika Biblia ya Union na katika Biblia ya Habari Njema muone mabano na maelezo ya chini. Jambo la kumwambia kijana ni kwamba tunajua kuhusu mistari hii kwa sababu tuna nakala nyingi za kulinganisha, na hakuna fundisho la imani linalosimama juu yake peke yake.

Hatua ya kumi: mpe mpinzani kiti

Someni angalau sura mbili za Bart Ehrman, "Misquoting Jesus" cha 2005. Si kwa kumdhihaki. Ehrman alikuwa mwanafunzi wa Bruce Metzger, mtaalamu Mkristo aliyeheshimiwa sana, na toleo la nne la kitabu cha Metzger cha kufundishia habari za nakala za Agano Jipya, la 2005, lina majina ya wote wawili kama waandishi. Mwamini na asiyeamini wanatumia ushahidi uleule wa nakala. Wanachotofautiana ni uzito na maana yake. Vijana wakilijua hili woga hupungua.

Jirani Mwislamu akisema Biblia imebadilishwa, msikilizeni amalize. Mwambieni kwa utulivu kwamba nakala ya karne ya 4 yenye Agano Jipya lote, Codex Sinaiticus, ipo, ni ya kabla ya Mtume Muhammad kwa zaidi ya miaka 200, na maandiko yake ndiyo tunayosoma. Mwonyesheni na tofauti za nakala mlizojifunza, msizifiche. Msiingie kushambulia Kurani. Hamkuulizwa hilo, na huyo ni jirani mtakayezikana naye.

Namna ya kuendesha mkutano

Saa moja na nusu inatosha. Mtu mmoja anayejua Kiingereza vizuri asome sura nyumbani na kuisimulia kwa Kiswahili kwa dakika ishirini. Mwingine asome Maandiko yanayohusika. Kisha kikundi kijaze mistari miwili ya daftari, si zaidi. Mpeni mtu mmoja kila mara kazi ya kupinga, na apinge kweli. Mama mmoja asiyejua kusoma anaweza kuwa mpinzani bora kuliko wote, kwa sababu atauliza "nani aliona?" na hataridhika na jina la profesa.

Mkimaliza Agano Jipya, ingieni la Kale kwa Kenneth Kitchen, "On the Reliability of the Old Testament" cha 2003. Ni kinene na mwandishi ni mkali kwa wapinzani wake kuliko inavyopasa, lakini alifanya jambo la busara: alianza na enzi za wafalme, ambako ushahidi wa nje ni mwingi, ndipo akarudi nyuma kwa Musa na Abrahamu. Fuateni mpangilio wake. Mstari wa kwanza wa daftari uwe 2 Wafalme 18:13-16 pamoja na mche wa Senakeribu, yaani kigogo cha udongo chenye pande kadhaa zilizoandikwa, uliopo London. Mfalme wa Ashuru anajisifu kwamba alitwaa miji 46 ya Yuda na kumfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege katika tundu, lakini hasemi popote kwamba aliingia mjini. Ushuru aliotozwa Hezekia, Biblia inasema talanta 30 za dhahabu na 300 za fedha. Mche unasema 30 za dhahabu na 800 za fedha. Dhahabu inalingana, fedha hailingani. Mpeni kila mmoja wiki nzima aandike safu yake ya tatu na ya nne kabla hamjakutana tena.